Mwendo wa Kuimba: Kisa cha Muuguzi Aliyeacha Kukimbia, Akarudi

Asubuhi moja ya Februari 2025 dada mmoja wa hapa Sinza, Dar es Salaam, alikuwa anarudi nyumbani kutoka zamu ya usiku. Ni muuguzi. Alishuka daladala akiwa na kipochi begani na hotipoti tupu mkononi, macho yamejaa usingizi, akili yote ipo kitandani. Alipokata kona ya kuingia mtaani kwake akakutana na watoto wa shule ya msingi wakipiga mchakamchaka: safu mbili, kaptura na sketi za bluu, mmoja pembeni anaanzisha, wengine wanaitikia, na kila kiitikio kinatua pamoja na mguu. Akasogea ukutani awapishe. Safu ilipokwisha kupita, naye yumo nyuma yake.

Sehemu hii amenisimulia mara tatu, na kila mara anaisimulia kwa mshangao uleule. Hakukata shauri lolote. Alijikuta tu anaitikia, viatu vya kazi vinagonga lami, kifuniko cha hotipoti kinalia kwa kila hatua, na watoto wawili wa mwisho wamegeuza shingo wanamcheka. Alikwenda nao mpaka dukani kwa Mangi, kama mita mia mbili, akasimama kuvuta pumzi huku anatabasamu peke yake.

Mchana, baada ya kulala, alinipigia simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mdogo wangu. Umepotea sana."

"Leo nimekimbia."

"Umekimbia na nani?"

"Na hotipoti."

Miezi ishirini ilikuwa imepita hajakimbia hata kuwahi gari.

Mimi naongoza kikundi cha mazoezi cha mtaani. Watu huniita mwalimu kwa kuwa ndiye ninayepuliza filimbi. Si daktari, wala sijawahi kufundisha timu ya taifa. Kwa miaka mingi nimeona watu wakija, wakakolea, wakapotea, na mara nyingi nimesema "huyo kazembea" nikaendelea na walioamka. Kisa cha dada huyu ndicho kilichonifanya niache kusema hivyo. Ameniruhusu nikisimulie chote, isipokuwa jina lake na mahali anapofanya kazi.

Alivyowaka, alivyozima

Alizaliwa Morogoro, na mbio zake za kwanza maishani zilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi. Waliosoma Tanzania miaka ile wanaujua: kabla ya kupanga mstarini, shule nzima inatoka barabarani kwa wimbo, wakubwa mbele, wadogo nyuma, walimu pembeni. Hapakuwa na mshindi. Mwenye kuchoka alipunguza sauti kwanza, halafu mguu, na mwenzake wa pembeni akajua.

Sekondari hakukimbia. Chuo cha uuguzi hakukimbia. Alizaa watoto wawili, na mwaka 2018, akiwa na miaka 37, presha ya mama yake ndiyo iliyomtisha akaja kwetu. Kikundi chetu hukimbia kwa nyimbo, kama vilivyo vikundi vingi vya jogingi vya Dar es Salaam na Unguja, na kwa kuwa sauti anayo, haukupita muda akawa mwanzishaji. Wale wa nyuma walimpenda kwa sababu alikuwa anajua lini kuurefusha ubeti ili watu wapumzike kwenye kiitikio.

Mwishoni mwa Februari 2022 tulikwenda watu tisa Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika tangu 2003. Yeye alikimbia nusu, kilomita 21.1. Njia hiyo inapanda kuelekea Mweka, migomba huku na huku, wenyeji wamesimama kando ya barabara wanashangilia, kisha inateremka kurudi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 21. Alilia. Nikampiga picha ameshika medali kwa mikono miwili, na picha hiyo ikakaa kwenye uso wa simu yake mwaka mzima.

Aliporudi Dar alinunua saa ya kukimbilia, ile inayoonyesha mwendo wa kila kilomita na mapigo ya moyo. Kabla ya hapo, akifika kijiweni kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, alikuwa anauliza habari za watoto wa watu. Sasa salamu yake ikawa moja: "Mwalimu, leo ngapi?" Nikisema nane, anasema twende kumi. Nyimbo akaziacha kwa sababu zilimharibia mwendo. Akawa anatangulia mbele, masikio ameyaziba na spika ndogo, na sisi tunamkuta amesimama mwisho wa njia ameinamia mkono wake anasoma saa.

Februari 2023 akarudi Moshi akitaka kushuka chini ya saa 2 na robo. Alipata saa 2 na dakika 34.

Kuanzia hapo alikuwa kama anajiadhibu. Machi yote alikimbia siku tano kwa wiki, nyingine akitoka zamu ya usiku moja kwa moja. Aprili ugoko wa kulia ukaanza kuuma upande wa ndani, ule uchungu unaoanza ukianza kukimbia, unapotea ukipata joto, halafu unarudi usiku ukiwa umelala. Aliufunga bandeji akaendelea. Juni akasimama.

Hapa ndipo watu wengi, nikiwemo mimi, tulipokisoma kisa vibaya. Tulisema ameumia, akipona atarudi. Ugoko ulipona kwa wiki sita. Yeye hakurudi. Raba zake zilikaa juu ya kabati zikiwa zimefungwa kamba vilevile alivyozivua, na saa ikazimika chaji ndani ya droo. Mimi nilikuwa namtumia ujumbe kila Jumamosi alfajiri: picha za jua linachomoza, maneno ya kutia moyo, amka mpambanaji, usikate tamaa. Baadaye aliniambia kila ujumbe wangu ulipoingia alikuwa anaigeuza simu kifudifudi.

Kilichomtoa hamu

Nianze na ambacho hakikuwa sababu. Elimu hakuikosa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dada huyu ndiye anayewaambia hivyo wagonjwa wa presha na sukari, kila wiki, kwa upole na kwa mifano. Alikuwa anajua faida zote. Kujua hakujawahi kumtoa mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri.

Uvivu pia si sababu. Mtu anayesimama wodini kwa muda wa saa kumi na mbili hatuwezi kumwita mvivu.

Tulipokaa kulichambua jambo hili, yeye na mimi, kwenye benchi la muuza kahawa, jambo la kwanza lililojitokeza ni joto. Hili naliona limepuuzwa sana na sisi watu wa pwani. Mbio za Moshi huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maana yake mkimbiaji wa Dar anajiandaa Desemba, Januari na Februari, kipindi cha kaskazi, joto kali na hewa nzito ya unyevu. Jasho humpoza mtu likikauka mwilini. Hewa ikiwa imejaa unyevu, linatiririka tu bila kukauka. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, huku misuli nayo inadai damu yake. Kwa hiyo mwendo uleule aliokwenda Agosti bila shida, Januari unampandisha mapigo ya moyo na kumkata pumzi. Saa yake ilirekodi haya yote kwa uaminifu, ila haikumwambia sababu. Yeye akajipa sababu mwenyewe: nimeshuka kiwango, nimezeeka, nimenenepa.

Jambo la pili lilikuwa yule mwanamke wa kwenye picha. Kila alipotoka kukimbia baada ya Moshi ya kwanza alikuwa anashindana naye, na yule mwanamke alikuwa amekimbia siku moja tu ya maisha yake, siku aliyolala vizuri, kwenye hewa ya Moshi ya asubuhi, umati unamwita dada kaza. Siku ya kawaida ya Sinza, na bodaboda zinapiga honi, haiwezi kumshinda mtu wa namna hiyo. Alikuwa anashindwa mara tano kwa wiki.

Jambo la tatu limenichukua muda kulielewa. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo waliokuwa wakicheza fumbo la kupanga vipande. Kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo walilolipata. Malipo yalipoondolewa, walipoachwa peke yao na ruhusa ya kufanya wapendalo, waliligusa fumbo kwa muda mfupi kuliko awali; kundi ambalo halikuwahi kulipwa halikupungua namna hiyo. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuzwa kibarua, na kibarua kikikosa ujira mtu anaweka jembe chini. Saa ya dada huyu ilikuwa inamlipa. Akivunja rekodi inapiga kengele na kuchora nyota. Mwaka wa kwanza nyota zilikuja kila wiki, kwa sababu anayeanza huendelea haraka. Mwaka wa pili zikakauka, na alipotafuta ile raha ya zamani ya kukimbia na watu, hakuikuta, maana alikuwa ameiacha kwa nyota.

Siilaumu saa. Kuna watu kwenye kikundi chetu inawafaa sana, hasa wale wanaopenda mahesabu tangu utotoni. Kwake ilichukua nafasi ya wimbo, na wimbo ndio uliomleta.

Na kuna jambo la nne, ambalo nalitaja kwa heshima. Sisi Watanzania tumelelewa na kisa cha John Stephen Akhwari. Oktoba 20, 1968, kwenye Olimpiki za Mexico City, alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akainuka, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakuna kisa cha michezo ninachokipenda kuliko hicho. Lakini dada huyu alipokuwa anaufunga ugoko bandeji mwezi Aprili, Akhwari ndiye aliyekuwa kichwani mwake. Aliniambia hivyo mwenyewe. Akhwari alikuwa ametumwa na nchi, kwenye siku moja isiyojirudia. Muuguzi wa Sinza anayekimbia Jumanne alfajiri hakutumwa na mtu. Anayekimbia kwa kujifurahisha akiumwa na mguu, arudi nyumbani akapike chai. Nilipaswa kumwambia hivyo Aprili ile, na sikumwambia, kwa sababu na mimi nilikuwa naona fahari kumtazama anavyokaza.

Kipimo cha wimbo

Siku ile ya hotipoti nilimuuliza swali moja tu: "Ulipokuwa na watoto, ulikuwa unaitikia?" Akasema mpaka mwisho.

Hapo nikaona tumeshapata dawa, na ilikuwa kwetu muda wote. Makocha duniani kote wana kipimo wanachokiita cha kuongea: ukiweza kusema sentensi nzima huku unakimbia, mwendo ni mwepesi, ukibaki na neno mojamoja, umeshavuka. Kinachotokea ni kwamba jitihada ikipita kiwango fulani, mwili unazalisha hewa chafu nyingi, na mapafu yanaharakisha kuitoa, kwa hiyo haibaki pumzi ya maneno. Mchakamchaka ni kipimo hichohicho, tena kikali zaidi, kwa kuwa kuimba kunataka pumzi ndefu kuliko kuongea. Waliotukimbiza shuleni hawakuwa na saa za mapigo ya moyo. Walikuwa na wimbo, na shule nzima ilikwenda mwendo ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuitikia.

Na mwendo huo si wa wanyonge. Pale Iten, Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, mabingwa wa dunia wakiwa kwenye siku zao nyepesi huanza kwa kuburuta miguu hivi kwamba mgeni anaweza kwenda nao kilomita ya kwanza huku wanapiga soga. Kwenye mwendo mwepesi misuli inajengewa mishipa midogo ya damu, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na kesho yake mtu anaamka hana mgogoro na miguu yake. Mkimbiaji wa mtaani hufanya kinyume: kila siku anakimbia kwa kasi ya kati, ngumu mno kuwa mapumziko, nyepesi mno kuwa zoezi la kasi, na anachoka bila kuendelea.

Tukakubaliana mambo machache. Saa ibaki kwenye droo wiki nane. Aje siku tatu kwa wiki, akae nyuma, na kila tunapofika nguzo ya tatu ya umeme aitikie ubeti mzima. Sauti ikikatika, anatembea. Mwanzo alikuwa anakimbia dakika mbili anatembea moja, kwa dakika ishirini na tano tu. Hapa ilibidi nimshike kweli, maana baada ya wiki mbili kifua kilimrudia akataka kuongeza kasi. Moyo na mapafu hurudi haraka. Mifupa na kano za miguu huchelewa, na ndiyo maana wanaorejea huumia wiki ya nne au ya tano, pale pumzi inapowaambia wamepona. Nikamwambia ugoko wako hauna masikio ya kusikia kifua kinasema nini.

Raba nilimwambia aache zile za kabatini. Alikwenda soko la Karume, akachagua za mtumba kwa kuzikunja soli na kuzibonyeza kisigino, akapata jozi inayomkaa. Na kwa kuwa mtandio ulikuwa unamsumbua kwa jasho, alishona wa kitambaa chepesi kama cha fulana za mpira. Naitaja habari ya mtandio kwa makusudi. Wanawake kadhaa wameacha kuja kwa mambo madogo ya namna hii ambayo sisi viongozi wanaume hatuyaulizi, na mengine makubwa zaidi, kama njia ya giza ambayo mwanamke hawezi kuipita peke yake saa kumi na moja. Tangu mwaka huo kuna mtu anampitia getini. Akigonga mara mbili bila kuitikiwa, anaondoka bila kumpigia simu.

Habari ya zamu za usiku tuliiamua hivi: akitoka zamu analala kwanza. Hakuna kukimbia juu ya usingizi uliokosekana. Siku hizo akitaka, anatembea jioni kwenda sokoni kwa miguu, na hiyo inatosha. Kwa wiki ambazo ratiba yake imebana anakuja mara moja, na hatumuulizi.

Kuna kanuni nyingine aliyoitunga yeye mwenyewe, na naona ni bora kuliko zangu. Anavaa, anatoka, anakimbia dakika kumi. Zikiisha na bado mwili unakataa, anageuza. Kwa miezi yote hiyo amegeuza mara nne, na hizo nne alizihesabu kama siku alizotoka. Hamu, anasema, haimkuti kitandani. Inamkuta njiani, karibu na duka la Mangi.

Mara ya pili ndiyo iliyonifundisha

Mtu kurudi mara moja ni jambo la kawaida. Januari mitaa yote ya Dar ina watu waliorudi. Nilitaka kuona atafanyaje akikatika tena, na nafasi ilikuja mapema, kwa sababu Ramadhani ya 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, wiki tatu tu baada ya kuanza.

Zamani angefunga mwezi mzima bila kukimbia kisha akaja Shawali kulipa deni. Safari hii alitoka mara mbili kwa wiki, robo saa kabla ya magharibi, mwendo wa chini kabisa, ili akimaliza adhana imkute na tende mkononi. Mfungo ukaisha, masika yakaingia, Sinza ikajaa madimbwi, na ndugu yake akafariki Morogoro. Akapotea wiki tatu na nusu.

Sikumtumia ujumbe wa jua linachomoza. Tulikwenda msibani watu sita, tukamzika ndugu, tukala wali wa matanga, tukarudi. Hakuna aliyetaja mazoezi. Alirudi mwenyewe Jumamosi ya katikati ya Mei, akakaa nyuma, akaanza tena na dakika mbili kwa moja, bila aibu wala maelezo. Nilipomuuliza baadaye kwa nini safari hii alirudi haraka, alisema kwa sababu hakukuwa na kitu cha kulipa. Mwaka 2023 aliacha akiwa na deni la kilomita. Safari hii hakuna aliyemwekea daftari.

Kisha nikaharibu mimi.

Ilikuwa Julai, kipupwe kimekaa vizuri, asubuhi zina ubaridi mtamu, na dada anakimbia dakika hamsini huku anaongoza nyimbo. Nikaingiwa na tamaa ya kikocha. Nikamwambia, mdogo wangu, mwakani Moshi, nikuandikishe? Alinyamaza, akacheka kidogo. Wiki mbili hakuja. Nilijua nimefanya nini hata kabla hajaniambia: nilikuwa nimemtoa mwanamke wa kwenye picha kabatini nikamleta kijiweni. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi, mumewe akanikaribisha chai, na yeye akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mwalimu, sikatai Moshi. Nakataa uniulize."

Tangu hapo siulizi mtu. Tangazo la mbio nalibandika kwenye kundi la simu, anayetaka anajiandikisha.

Usiku wa Tokyo

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15, 2025, alikuwa zamu. Karibu saa kumi usiku kwa saa za kwetu, kwenye mapumziko yake, aliwasha simu akaona dakika za mwisho za marathoni ya mashindano ya dunia ya Tokyo: Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani wanaingia uwanjani, Petros yuko mbele, Simbu anamkaribia, kifua kwa kifua mpaka mstarini. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alipita kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia katika riadha kutoka Tanzania. Dada anasema alijiziba mdomo kwa mkono asiwaamshe wagonjwa.

Asubuhi nilipata ujumbe wake wa sauti, na nilikuwa na wasiwasi kabla sijaufungua, maana najua ushindi wa mtu mwingine unavyoweza kuwasha moto usiofaa. Alikuwa analia na kucheka. Hakutaja muda wala kilomita. Alisema Jumamosi tuanzishe wimbo mpya, ametunga beti mbili za Simbu akiwa kwenye daladala, na akaziimba hapohapo na kelele za konda nyuma yake.

Jumamosi ile tuliondoka Sinza tukaenda Coco Beach kwa magari, tukakimbia juu ya Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo juu ya maji, kwenda na kurudi, bahari imejaa pande zote mbili na jua linatoka. Vikundi vingine vilivyokuwa darajani viliudaka wimbo wake. Kwenye mita za mwisho nilimwona anaongeza mwendo, akapita watu kama wanane, mikono juu, akafika akiwa hana hata pumzi ya kusema salamu. Sikumzuia. Kukimbia kwa kasi kuna raha yake, na siku hiyo aliichagua.

Saa yake aliitoa kwenye droo Oktoba. Anaivaa Jumatano tu, na ameifunika kioo kwa kipande cha plasta ya hospitali. Akifika nyumbani anabandua aone. Nilidhani ataichoka plasta. Mpaka sasa ipo.

Sasa kaskazi imerudi, na huu ndio msimu uliomvunja. Nimekuwa nikimtazama kwa makini. Ameusogeza muda kuwa saa kumi na moja na robo, amepunguza mpaka dakika thelathini, anatembea kwenye kipando cha kuingia Mlimani bila kugombana nacho, na anawaambia wapya waliojiunga baada ya mwaka mpya kwamba Januari ya Dar hakuna anayekimbia vizuri, hata mbuzi wanatembea. Yuko nyuma kabisa ya safu pamoja nao, kwa sababu huko nyuma ndiko wimbo unakokatika kwanza.

Jumamosi ijayo ni zamu yake kuchagua njia. Amesema tupite Mwananyamala, kuna mama anatoa vitumbua vya moto saa moja kamili. Nilimuuliza ni kilomita ngapi kwenda na kurudi. Akasema hajapima.